Viatu vya Mama Nyanza

Jumatatu, 8 Novemba 1993
Uji, vidonge viwili, kiti cha barazani. Miguu imevimba tena. Mke wangu, Mama Nyanza, ameubonyeza mmoja kwa kidole, shimo likabaki. Amechukua jembe akapanda kwenye mawe juu ya nyumba yetu, kwenye kishamba chake cha mihogo. Mvua zimeanza, huku Mkolani kila njia ni utelezi. Amevaa kandambili, ya kushoto imefungwa kwa waya.
Daktari anasema moyo umechoka. Nilikuwa mkaguzi wa shule. Naijua ripoti iliyoandikwa kwa upole.

Jumatano, 10 Novemba
Nimeamua. Nitamnunulia mke wangu viatu kabla sijafa. Si vya kanisani. Vya shamba na mawe: ngozi nzito, soli ya kushonwa, kamba, na vile vitobo vidogovidogo vya urembo puani. Aina niliyovaa mimi miaka yote ya kuzunguka vijijini. Yeye hajawahi kuvaa kiatu cha kufunika vidole. Sababu ni mimi.
Mchana alipolala mkekani nilimpima kwa njiti ya fagio, kisigino hadi kidole gumba. Kuinama kumenichosha kama kulima. Akafumbua jicho moja. "Unanipimia jeneza, Baba Nyanza?" Nikasema naua siafu. Uongo mwingine.

Ijumaa, 12 Novemba
Niandike leo, mkono ungali unatii.
Mwaka wa Uhuru tulikaa upande wa Sengerema, mimi mwalimu mpya. Mke wangu aliuza pamba aliyoilima akiwa na mimba, akanipa fedha zote nije Mwanza kununua viatu, jozi yake na jozi yangu. Alinipa na njiti ya mguu wake, kama tunavyofanya tunapomtuma mtu mjini. Dukani nikaona viatu vya kahawia vyenye vitobo, vizito, vya bwana mkubwa. Fedha za jozi mbili ziliishia hapo. Nilijiambia mwalimu lazima aonekane mwalimu.
Nikivuka ziwa pale Kigongo kurudi, niliitupa njiti majini. Nyumbani nikasema ziwa lilichafuka, kifurushi chake kikatumbukia, nami nusura nizame. Alilia kwa shukrani kwamba nimepona. Mama yake alichinja kuku mweupe kuwashukuru wahenga. Nilikula paja.
Mtoto alipozaliwa mke wangu akamwita Nyanza, yaani ziwa, maana ziwa lilichukua viatu likamwacha baba. Kwetu mtoto huitwa kwa tukio. Tangu siku hiyo mimi ni Baba Nyanza. Kila aniitaye ananiita kwa uongo wangu, nami naitika.
Viatu vile alivipaka rangi Mama Nyanza mwenyewe, kila asubuhi, mpaka vikafa.

Jumamosi, 13 Novemba
Nyanza amenichukua kwa teksi hadi sokoni kwenye viatu vya mtumba. Amekuja kutoka Ilemela, anakofundisha. Nilimwambia nataka viatu, sikusema vya nani.
Siku hizi maduka yamejaa viatu vipya vinavyong'aa kama peremende. Nimekunja kimoja, gundi ikalia. Sitaki. Kwenye mtumba nilikaa juu ya gunia, muuzaji akaniletea kimoja kimoja. Nilikunja soli, nikabonyeza kisigino, nikahesabu mishono, nikanusa ndani. "Mzee, unaoa?" akauliza. Nikamwambia nilishaoa, nimechelewa kuleta mahari. Alicheka mpaka akaketi.
Jozi ya kumi na kitu ndiyo. Vya kiume, vidogo, kahawia iliyoiva. Soli imeshonwa pande zote. Niliingiza njiti, ikakaa sawasawa. Nyanza akaitazama njiti, akanitazama mimi. "Baba, hiyo imepima urefu. Mguu wa mama umepanuka kama jani la mgomba. Chukua namba ya juu yake." Mkaguzi mzima, nimesahau upana. Muuzaji akafukua jozi nyingine ya ngozi ileile, namba ya juu. Hiyo nimenunua.
Nilifurahi leo. Nilifurahi kuliko nilivyostahili.

Jumapili, 14 Novemba
Boksi liko chini ya kitanda. Nilipanga kusema baada ya kanisa. Wakaja wageni wa jumuiya, na Mama Nyanza akawahadithia tena jinsi ziwa linavyovaa viatu vyake. Anaigiza samaki wakibishana nani avae cha kulia. Hakuna anayeisimulia kama yeye. Watu walijishika mbavu. Nami nilicheka.
Mimi ni mwoga.

Jumanne, 16 Novemba
Nimesema. Alikuwa akichambua maharage. Niliweka viatu mbele yake, nikasema yote, pamoja na ile njiti. Alimaliza maharage. Kisha akasema, "Mama yangu alikuwa na kuku watatu tu." Akaingia jikoni.
Viatu vimebaki barazani. Mvua ilipoanza aliviingiza ndani, akaviweka upande wangu wa kitanda.

Alhamisi, 18 Novemba
Ananilisha, ananiogesha, ananigeuza. Maji yana joto linalofaa. Ila ananiita Mwalimu. "Mwalimu, inua mkono." Ningependa anitukane.
Nimemwambia namwita Nyanza nimweleze naye. Hapo akageuka. "Nyanza usimguse. Fedha zilikuwa zangu, viatu vilikuwa vyangu, na jina nililitoa mimi. Ukitaka kuutua mzigo, nimeshaubeba. Usimtwishe mwanangu."
Ni kweli. Nilitaka wepesi wangu tu. Hata toba niliifanya kama nilivyonunua viatu vile vya kwanza.
Nampenda. Sijawahi kuandika hivyo, na niliandika ripoti elfu.

Jumamosi, 20 Novemba
Pumzi fupi. Sikuandika jana. Yeye alikaa kando yangu akishona kanga iliyochanika. Hatukuongea. Haikuwa mbaya.

Jumapili, 21 Novemba
Hakwenda kanisani. Asubuhi alifungua sanduku langu, akatoa soksi zangu, akavaa jozi mbili. Kisha viatu. Kamba alizizungusha kifundoni akazifunga kama anafunga mzigo wa kuni. Sikumsahihisha. Nilisikia soli zikipanda kwenye mawe, taratibu, nzito, mpaka juu.
Amerudi na mihogo miwili na tope hadi magotini. Kamba zimelowa, mafundo yamekaza, yamemshinda. Ameketi ukingoni mwa kitanda, akaupandisha mguu mapajani mwangu, kiatu na tope lake.
"Fungua," akasema.
Kucha zangu ni dhaifu. Nimechukua muda mrefu. Hakuharakisha. Fundo la kwanza limefunguka. Akauteremsha mguu ule, akapandisha wa pili.