Nimeonekana Makaburini Nikiwa Kazini

Jumanne, 15 Julai

Wagonjwa wachache leo. Nimefika nyumbani bado kuna mwanga. Sare nyeupe ya kliniki nimeivua mlangoni, kama kawaida. Mchana kutwa niko mapokezi pale tao, katikati ya jiji, nawachekea watu wanaoumwa na meno. Jioni gauni jeusi, koti refu, wanja, buti. Hapo ndipo naanza kupumua.

Mwezi wa tatu sasa tangu nihame Riruta. Kule kila mtu kwenye ploti alikuwa na neno juu ya nguo zangu. Mimi ni goth, basi. Napenda nyeusi, napenda lesi, napenda mahali palipo kimya. Simwabudu mtu. Nilichoka kueleza.

Huku Mutuini jiji linaishia. Nyasi za nepia, ng'ombe, ukungu. Nyumba ya mawe ya Mzee Njoroge, mabati yake yanalia yakipoa. Na makaburi! Kila familia imezika watu wake shambani. Misalaba imesimama katikati ya mahindi na watu wanapalilia kando yake wakiongea habari za bei ya maziwa. Hakuna anayeona ajabu. Mimi nasimama kwenye ua wa kayaba naangalia mpaka miguu inaganda.

Baridi ya Julai ni zawadi. Koti mpaka kwenye kifundo cha mguu na sitoki jasho.

Alhamisi, 17 Julai

Stima imepotea. Raha tupu. Huku ukiwasha mshumaa hakuna anayekuuliza unamwita nani. Kila dirisha lina mshumaa.

Pimbi wameanza kulia kwenye mikaratusi. Sauti ya mtu anayekabwa taratibu. Wiki ya kwanza nilijifunika blanketi nikaomba Mungu. Sasa wasipolia nakosa usingizi.

Bundi naye amehamia juu ya tangi. Mzee Njoroge alikuwa ameshaokota jiwe. Nikamwomba amwache.

"Wewe Mwende, hata bundi ni wako?"

Alicheka, lakini jiwe alilitupa chini.

Mama Sharon amekuja kufua nikiwa kazini. Ni mjane, mtu wa Kakamega, anapanga chumba cha mabati huko karibu na barabara. Anafulia watu nguo. Ufunguo wangu mmoja anao. Ndiye pekee hapa ambaye hajawahi kuniuliza kwa nini nyeusi. Koti langu hulianika kwa hanga na kulinyoosha kola. Nampenda kwa hilo.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda kuchukua maziwa. Mama wa maziwa hakunitazama usoni.

"Ijumaa asubuhi nilikuona kwa shamba ya kina Karanja. Pale kwa makaburi. Nikakuita, ukanyamaza."

Ijumaa asubuhi nilikuwa tao. Nilimwambia hivyo. Akasema sawa, akanipa maziwa, akafunga dirisha la duka.

Labda aliona mtu mwingine. Ukungu ulikuwa mzito. Lakini nani mwingine huku anavaa koti mpaka chini?

Jumanne, 22 Julai

Mzee Njoroge pia ameniona. Jana, baada ya mimi kwenda kazini. Anasema nilikuwa nimefunika uso kwa kitambaa cheusi na nilitembea polepole kwenye nepia, nikaingia kwa Karanja kupitia pengo la ua.

Nimekimbia ndani. Mtandio wangu wa lesi uko mahali pake. Koti liko kwenye msumari wake. Nikaligusa. Upindo umelowa. Vishona nguo vimejaa chini, kama mtu ametembea msituni.

Sijakanyaga nyasi tangu Jumapili.

Maisha yangu yote nimependa vitu vya kutisha. Picha, hadithi, majumba yaliyoachwa. Hii si hiyo. Naogopa. Naandika tena: naogopa.

Alhamisi, 24 Julai

Nimempigia Mama Sharon simu wakati wa lanchi. Nikamuuliza kama ameona mtu akiingia kwangu.

"Hapana, dada. Mimi hufua, naanika, naenda."

Kisha akakata simu kabla sijaaga.

Wakati wa kurudi kliniki nikajiona kwenye kioo cha duka la viatu. Sare nyeupe, nywele zimefungwa, tabasamu la kazi. Nikawaza: yule wa shambani ndiye Mwende. Huyu hapa ndiye kivuli. Wazo lilinikaa vizuri mno. Nikatembea haraka.

Ijumaa, 25 Julai

Karanja amenizuia njiani. Shamba lake linapakana na letu. Mtu mkubwa, sauti kubwa, mzee wa kanisa. Anasema mtoto wake ameona jini karibu na kaburi la marehemu ndugu yake na sasa hataki kutoka nje peke yake. Anasema ng'ombe wamepunguza maziwa.

"Hii shamba ni ya baba yangu. Nikikupata ndani, miguu itabaki huko."

Alikuwa na panga la kukatia nepia. Hakuliinua. Hakuhitaji kuliinua.

Watu waliokuwa wakinisalimia wiki iliyopita wamevuka upande wa pili wa barabara. Nilidhani nimepata mahali. Nimelia, wanja wote umekuwa mashavuni.

Jumatatu, 28 Julai

Nitaandika kwa mpangilio.

Bomba limepasuka kliniki, maji sakafu nzima. Daktari akaturudisha nyumbani asubuhi hiyo hiyo. Nilipofika Mutuini ukungu ulikuwa bado chini, sioni hata ng'ombe, nawasikia tu wakitafuna. Nikafungua mlango. Msumari hauna kitu. Koti halipo. Mtandio haupo.

Nikatoka nyuma. Na nikajiona.

Sijui kuandika vingine. Mgongo wangu, koti langu, unakwenda ndani ya nepia bila kugeuka. Lilikuwa linatembea kwa uzito, hatua za mwanamume. Kichwa changu kilisema kimbia. Miguu ikalifuata koti. Nilipita pengo la ua, miiba ikanichana mkono, sikusikia.

Likafika makaburini. Likapiga magoti. Likafunua uso, likaanza kuongea.

Kiluhya. Sikuelewa neno. Nikasikia Sharon, tena Sharon, halafu kicheko kidogo cha mtu anayesimulia habari njema. Ile sauti naijua. Huniambia sabuni imeisha.

Mama Sharon. Miguuni gamboti za mpira za kiume, kubwa kuliko yeye. Alikuwa anang'oa magugu kwenye kaburi huku akipiga stori, kama mke aliye jikoni na mumewe yuko mezani.

Nikarudi kinyumenyume. Hakuniona. Nilipoinua macho nikaona nyumba ya kina Karanja, na dirisha moja liko wazi baridi yote hiyo. Mama yake Karanja, yule tunayemwita Cucu, yaani nyanya, asiyetoka ndani kwa sababu ya miguu, alikuwa amekaa hapo. Anatazama makaburini. Anatabasamu. Na mkono ameuinua, anapungia.

Nywele zilinisimama. Zimesimama tena nikiandika.

Jumanne, 29 Julai

Nimemuuliza Mzee Njoroge juujuu tu habari za marehemu. Nikapata yote. Mama Sharon alikuwa mke wa ndugu mdogo wa Karanja. Mume aliugua, akafa. Baada ya mazishi Karanja akasema ni yeye amemmaliza, akamtoa kwenye nyumba yeye na mtoto. Akamwapia kwamba akikanyaga pale tena atamvunja. Sharon sasa yuko bweni, mjomba analipa.

Kwa hiyo amepata njia. Yeye mwenyewe akionekana, atapigwa. Mimi nikionekana, watu wanakimbia.

Nimekasirika. Ametumia jina langu. Ametumia woga wao na mzigo nikabeba mimi. Halafu nakumbuka kile kicheko chake na hasira inakosa pa kukaa.

Koti limerudi msumarini. Kola imenyooshwa.

Jumamosi, 2 Agosti

Wamekuja mchana. Karanja, wazee wawili wa kanisa, Mzee Njoroge nyuma yao anatazama viatu vyake. Walikataa chai. Mmoja alisoma aya. Nilikuwa nimevaa nyeusi na sikubadilisha.

Mzee Njoroge ndiye aliyeuliza. Taratibu, kama anaomba nikatae.

"Mwende, ni wewe unaenda kwa kaburi?"

Neno moja tu lingetosha. Ningesema jina la Mama Sharon, nibaki na nyumba yangu, ukungu wangu, bundi wangu. Nilimtazama Karanja. Alikuwa anangoja kwa hamu, mikono inajikunja na kujikunjua.

Nikasema, "Ni mimi."

Nihame mwisho wa mwezi. Wamekubaliana pale pale mlangoni. Karanja akatema mate kwenye maua.

Sijutii. Nimeumia lakini sijutii. Baadaye nikamtumia Mama Sharon ujumbe aje. Akaja. Nikamwambia najua, na nimesema ni mimi. Alikwenda msumarini akainyoosha kola ya koti. Hakuomba msamaha. Alisema tu:

"Mume wangu nilimwosha nikamvisha mimi. Halafu wakaniambia si wangu."

Akaomba koti. Nikampa.

Jumapili, 3 Agosti

Amekuja baada ya ibada, saa ambayo watu wote wako njiani. Jua limetoka, la kwanza baada ya siku nyingi. Koti langu, gamboti, kichwa wazi. Uso wake wote unaonekana. Nikavaa gauni langu refu kuliko yote, nikapaka midomo rangi nyeusi, nikatembea kando yake. Hatukushikana mikono. Nilitamani.

Hakupita kwenye pengo la ua. Amepita geti kubwa.

Watu wakasimama barabarani. Nikasikia mtu akisema, "Woi, ni Mama Sharon!" Karanja akatoka na suti yake ya kanisa na panga mkononi. Tuliendelea. Tukafika kaburini, akapiga magoti, na mimi nikasimama katikati yake na Karanja bila mpango wowote. Sikujua nitafanya nini. Niliona tu jasho kwenye mdomo wake wa juu, na panga lile.

"Karanja! Mwache!"

Cucu. Alikuwa ametoka nje, ameshika ukuta, kisha akaachilia ukuta. Alitembea uwanja mzima ule kwa miguu ambayo haitembei. Hakuna aliyethubutu kumshika.

Akafika. Akainama, akazigusa zile gamboti.

"Hizi ni za mwanangu."

"Ndiyo, Mama," akasema Mama Sharon.

"Kila asubuhi nafungua dirisha. Naona gamboti zake zinapita kwa ukungu, ile kutembea yake, nasema kijana wangu amerudi kuniona. Nampungia." Akamtazama Mama Sharon usoni. "Kumbe ni wewe."

Alikaa chini kwenye udongo na kulia kwa sauti ambayo sijawahi kusikia, juu kuliko pimbi, na Mama Sharon akamfungulia koti langu akamfunika nalo. Wote wawili ndani. Karanja alibaki amesimama. Mtoto wake akaja akamvuta suruali, naye Karanja akamfuata ndani.

Kabla hatujaondoka Cucu alimshika Mama Sharon kifundo cha mkono.

"Usiache kuja. Hata kama si yeye."

Jumanne, 5 Agosti

Mzee Njoroge ameleta sukuma wiki na mayai. Hakutaja kuhama. Nikamuuliza. Akasema, "Kwani nani alisema?" Akaenda zake.

Karanja hanisalimii. Hatanisalimia. Sawa.

Nimemnunulia Mama Sharon koti lake soko la Toi, mtumba, sufu nzito. Lilikuwepo jekundu na lilikuwepo jeusi. Alichagua jeusi bila hata kufikiria.

Jumapili, 10 Agosti

Ukungu. Sijakwenda popote. Nimekaa kizingitini na chai ya tangawizi, blanketi miguuni, sijapaka hata wanja.

Ng'ambo ya ua nasikia jembe. Linagonga, linanyamaza, linagonga tena kwa mkono mwingine, mzito zaidi au mwepesi zaidi. Nimechungulia. Cucu amekaa kwenye kigoda kandokando ya kaburi, Mama Sharon amesimama. Jembe ni moja. Wanapanda kitu, sijajua nini. Mmoja akichoka anampa mwenzake.