Majina Yasiyokuwa Ubaoni

Embu,
Jumatano, 17 Februari 1982.

Mpendwa Baba,

Kabla ya salamu, niruhusu nikueleze sauti moja, kwa sababu haijaniacha tangu Jumatatu ya wiki jana. Ni sauti ya sanduku la bati likiburutwa juu ya sakafu ya saruji. Tulikuwa darasani, mwalimu akiandika hesabu ubaoni, nalo likapita nje ya dirisha likikwaruza mpaka kwenye ngazi, na kwa kila ngazi likagonga. Hakuna aliyegeuza shingo. Mimi nilihesabu ngazi zote saba.

Sasa nakusalimu. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Kianjai, na kwamba goti la Mama limepungua uvimbe. Mwirigi ameanza kusoma kwa sauti bila kuficha uso nyuma ya kitabu? Mwambie dada yake anamuuliza. Kuhusu mwili wangu, sina ugonjwa wowote.

Baba, utakumbuka siku zile mbili tulizotafuta shule ya kidato cha tano, baada ya majina ya serikali kutoka na langu kukosekana. Tulianzia Runyenjes kwa Bi Igoki, katika ghala la kahawa lililogeuzwa maabara, ambamo harufu ya kahawa ilikuwa bado ukutani. Wewe ulimwuliza wangapi wa kwake wameingia chuo kikuu. Yeye akafungua daftari na kutusomea wote, waliopita na walioanguka, bila kuruka jina, akisema pia ni wapi yeye mwenyewe alikosea kuwafundisha. Tukirudi ulicheka, ukasema mama yule hangeweza kuuza hata viazi, kwa sababu angekuonyesha vilivyooza kwanza. Nilicheka pamoja nawe.

Kesho yake tukafika hapa kwa Bwana Ndwiga, tukauona ule ubao mlangoni, majina kwa rangi ya dhahabu: Nairobi, Makerere, hata wawili Uingereza. Si mmoja aliyeanguka kwa miaka sita. Ulivua kofia ukasoma kutoka juu hadi chini, kisha ukaniuliza ninaonaje. Sitaki ubebe peke yako uchaguzi ule. Nilikuwa nimekwisha kutafuta kwa macho mahali ambapo jina langu lingeandikwa.

Ilinichukua mwaka mzima kuelewa jinsi ubao ule unavyobaki safi. Kila Februari, kabla ya fomu za mtihani kupelekwa Nairobi, kuna jaribio. Anayeonekana dhaifu hutafutiwa kosa, huambiwa akafanye mtihani kwingine kama mtahiniwa wa kujitegemea, na jina lake hufutwa katika rejista kana kwamba hakuwahi kufika. Asiye na shule hana maabara, na asiye na maabara hawezi kufanya kemia. Wanafunzi hapa huwatania kwamba wamehitimu mapema. Hata mimi niliwahi kusema hivyo juu ya msichana mmoja, na wenzangu wakacheka.

Tangu kidato cha tano niliketi benchi moja na msichana wa Tharaka anayeitwa Karwirwa. Fizikia ilimshinda kidogo, lakini katika kemia sijaona mikono kama yake. Alitaka kuwa daktari kama mimi, ila yeye hakulitangaza kanisani. Jioni nyingi alinifundisha yale ambayo sikuyashika darasani, na alama zangu nilizokutumia, ambazo ulimwonyesha mchungaji, nusu yake ni jasho lake. Alikuwa akiniita “daktari wa maziwa”, na utajua sababu.

Jaribio la kemia lilikuwa la kudondosha asidi kutoka katika bomba jembamba la kioo lenye alama. Bomba lile husomwa kutoka juu kushuka, kwa sababu sifuri iko juu. Mimi, kwa haraka na hofu, nilisoma kutoka chini kupanda, jinsi tulivyokuwa tukipima maziwa kwa kijiti katika debe la Mama. Nilikuwa nimewahi kukosea hivyo, na Karwirwa alikuwa amenicheka na kunirekebisha. Safari hii niligundua zikiwa zimebaki dakika tano, bomba tupu, asidi imekwisha. Nikatazama karatasi yake.

Jumatatu ile Bwana Ndwiga alituita sote wawili. Alilaza karatasi zetu mezani bega kwa bega na kusema kwamba watu wawili hawawezi kudondosha sawasawa mara tatu, hadi nukta ya mwisho. Hakuonekana kuwa na hasira. Aliuliza nani alimtazamia mwenzake, na Karwirwa akanigeukia. Nadhani alikuwa akiningoja. Labda aliniona bado kama mtu wa kungojewa.

Nikasema, “Ni yeye, mwalimu. Huwa ananitazamia.”

Ndiyo hiyo, Baba. Sikushurutishwa, wala sikuchanganyikiwa. Bwana Ndwiga aliandika mara moja, kwa sababu fizikia ya Karwirwa ilikuwa imekwisha kumtia shaka na sababu ndiyo iliyokuwa ikikosekana. Alipokuja bwenini kufungasha, Karwirwa alilaza kitandani kwangu daftari langu la kemia, lililokuwa kwake. “Usisahau,” akasema, “soma kutoka juu.” Nilitoroka nikaenda darasani, ndiyo maana nililisikia sanduku badala ya kumsaidia kulibeba.

Nilisubiri siku nne ili sauti ile iishe. Jumamosi nilikwenda Runyenjes kwa Bi Igoki nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuniambia niketi. Alisema bado ana nafasi moja ya maabara na fomu zake zinaondoka Ijumaa hii, lakini msichana aliyefukuzwa kwa wizi wa mtihani hapokelewi popote, hata kwake, isipokuwa yule aliyeiba aandike kwa mkono wake na kutia sahihi, na nakala ifike kwa Bwana Ndwiga. Akanisogezea karatasi. Alinikumbusha kwamba nikiandika, mimi nami sitapokelewa popote mwaka huu, na huenda hata mwaka ujao.

Niliandika. Jumatatu nilimpelekea Bwana Ndwiga nakala. Alinisihi niichukue tena, akisema kwamba jina langu lilikuwa limekwisha kuhesabiwa kwa mchoraji wa ubao na kwamba binti yule wa Tharaka hangefika mbali hata hivyo. Nilipokataa akafungua rejista mbele yangu, akapiga mstari kwa rula.

Sijui kama Karwirwa atawahi Ijumaa. Ujumbe umepelekwa na mwinjilisti anayekwenda kwao, na inasemekana baba yake amekwisha kuuza vitabu na anamtafutia mume. Huenda nimechelewa. Najua pia Jumapili watu watakuuliza habari za daktari wao, nawe utasimama pale ukiwa na kofia mkononi. Kwa hilo naomba unisamehe, ingawa siombi unisamehe leo.

Msalimie Mama kwa upole na umsomee barua hii mwenyewe, asije akaisikia sokoni. Mbusu Mwirigi.

Usije Embu kunitetea, kwa sababu hutanikuta. Leo saa nne, wenzangu wakiwa katika hesabu, nimeliburuta sanduku langu kupita dirisha lile na kulishusha ngazi zote saba. Barua hii naiandikia juu yake, nje ya posta.

Binti yako,
Lenah Kathure