Kompyuta ya Kwenye Baridi

Baba Kijino, mpenzi wangu,

Sisi hatujambo, ila usingizi ndio umenihama. Mwanao ameota jino la pili na anang'ata kila kitu, mpaka bega langu.

Nilimsomea mama yako ulivyoandika kuhusu kompyuta yenu ya kwantamu, ile inayopiga hesabu kwa chembe ndogo zisizoonekana. Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu analinda friji?" Nikamweleza kwamba lazima ikae kwenye baridi kali, maana ikipata joto kidogo tu inakosea hesabu. Akasema, "Basi ni kama baba yake mwanangu, akitoka jasho hajui hata mbili na mbili." Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Nimefurahi kwamba sasa mnaweza kuyakamata makosa ya kompyuta hiyo kabla hayajaharibu hesabu nzima. Najua ndiyo maana mkubwa wako anataka ubaki mwaka mwingine, nawe unasubiri nikubali.

Baki. Kazi hiyo unaipenda, sitaki uiache njiani. Lakini mimi na mtoto hatubaki huku. Kila simu ikilia anaita "baba", hata aliyepiga akiwa fundi bomba. Hilo silivumilii mwaka mwingine.

Kwa hiyo tutafutie chumba chenye dirisha. Kitanda cha mtoto usinunue. Analala kifuani kwangu, na sasa ni zamu ya kifua chako.

Mkeo anayekupenda,
Mama Kijino