Bwana wa Kikombe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeosha gari langu, Noah, tangu asubuhi. Foleni ya trela imepita kule kwa wauza mbao, madereva wanakaanga mayai kando ya magurudumu. Wananisalimia wote. Malaba hii hakuna dereva hanijui. Wengine nilipikia mpaka baba zao. Wengine walishikwa na malaria safarini nikawafikisha Kigali, usukani nimeshika mimi, leseni sina. Juba nimefika. Goma nimefika. Darasa la saba pia nilifika, nikaona inatosha.

Amoit amepiga simu. Wageni wanakuja tarehe ishirini na tatu, Chakol, kwa boma la marehemu baba yake. Kijana anaitwa Wandera, Msamia. Nimemwambia nitumie picha kwanza. Amekataa. "Mama, nikituma picha, jioni kila turnboi wa lori hapo Malaba atakuwa nayo."

Ni kweli. Lakini imeniuma.

Shida yangu ni hii. Mtoto ni mmoja, nimemlea peke yangu, na siku mwanaume anakuja kumchukua mimi nitakuwa nyuma ya nyumba na sufuria. Kwetu Wateso mama mkwe na mkwe hawaangaliani. Hawapeani mkono, hawakai pamoja, hawanywi kwa mtungi mmoja. Msamia naye ana yake, karibu ni hiyo hiyo. Sasa huyu nitamjua aje? Mimi nasoma mtu kama namba ya gari. Nipe mtu safari moja tu, akishuka nimeshajua mpaka ukoo wake. Huyu sitapewa hata salamu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeenda kwa shemeji Emodo, kaka ya marehemu. Yeye ndiye atapokea wageni. Nimemwomba nikae pembeni siku hiyo, nijifunike leso, nisikilize tu. Amekataa kabla sijamaliza. Mila kwa huyu mzee ni kama breki ya lori, hachezi nayo. Amesema mkwe akivunja heshima hata mara moja, wageni wanageuza na safari imekwisha.

Hapo sijafanya mzaha. Mimi, kukosa mzaha.

Habari njema: nimepata mteja. Anaitwa Felix. Ameona tangazo langu kwa simu, lile la Mama Amoit Safaris, picha yangu nimeegemea Noah na miwani. Anataka siku nzima, peke yake, kila kitu: historia, wanyama, mvinyo. Mtu mmoja na Noah nzima. Huyo ni wa Nairobi tu.

Mvinyo wenyewe ni ajon, pombe yetu ya wimbi, inavutwa mtungini kwa mirija mirefu. Lakini ukiandika pombe wanakuja walevi. Ukiandika mvinyo wanakuja watu na kamera.

Jumatano, 13 Agosti

Spea iko. Maji iko. Historia nimeongeza kidogo.

Nimepitia Chakol kwa Mama Osia, mwenye ajon. Nimemwambia aoshe mirija vizuri, kesho mgeni ni mkubwa. Akauliza mkubwa wa nini. Nikasema wa mfuko. Amecheka mpaka akakalia kinu.

Alhamisi, 14 Agosti

Mteja wa ajabu. Nimekasirika, na kila nikikumbuka nacheka.

Nimemchukua hotelini Busia. Kijana mrefu, kiatu safi, shati imepigwa pasi mpaka inakata. Nimenyoosha mkono. Yeye akaweka wake kifuani, akainama. Sawa, labda ni dini. Nimemfungulia mlango wa mbele. Akaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa, kama gunia la vitunguu. Nimeendesha naongea na kioo, na kwa kioo mwenyewe anaangalia dirisha.

Kakapel tumepanda hadi kwa mwamba. Nimemwonyesha michoro ya watu wa zamani, ng'ombe, na ile miduara ndani ya miduara. Nimesema hayo ni matairi, mababu waliota trela kabla ya barabara. Amecheka. Kicheko kizuri, kinatoka tumboni. Juu ya mawe pimbi walikuwa wanaota jua, wanene kama maaskofu. Nimemwambia pimbi ni jamaa ya ndovu. Hiyo ndiyo ya kweli, na hiyo ndiyo hakuamini.

Kushuka kuna utelezi. Nimempa mkono. Akakataa, akateleza, akakaa kwa matope na suruali yake ya pasi.

"Boss, mkono wangu haung'ati."

"Najua, mama. Asante."

Akaamka mwenyewe, matope mpaka kiuno, na bado ana adabu. Hiyo adabu ndiyo ilinichoma zaidi.

Lakini Chakol ndiyo aliniua kabisa. Mama Osia amepanga viti chini ya paa la nyasi, mtungi unatoa mvuke, wazee wawili wa jirani wameshika mirija. Mimi ni dereva, nimevuta mara moja ya kufungua, nikapangusa mrija wangu kwa kitenge, nikampa. Mtu akikupa mrija wake amekupa heshima yote aliyo nayo. Bwana akarudi nyuma kama nimemshikisha nyoka. Akaomba kikombe.

Kikombe. Ajon kwa kikombe, kama chai ya matanga.

Mama Osia ameangalia paa. Akatafuta kikombe cha bati, akamchotea. Jamaa akatoka nje juani, akakaa kwa jiwe, mgongo kwetu, anakunywa pole pole.

Nimemsema. Wote wamesikia. Nimemwita Bwana wa Kikombe. Nimesema watu wa Nairobi wanaogopa mate ya watu wa mpaka, lakini noti zetu wanahesabu wakilamba kidole. Wazee wakacheka mpaka mirija ikatoka. Yeye hakugeuka. Lakini niliona masikio yake yakisogea. Alikuwa anacheka pia. Mtu gani anatukanwa anacheka?

Jioni tukaenda kwa kinamasi cha mto Sio. Korongo wenye taji walikuwa wawili, wanatembea kwa nyasi kama mtu na bibi yake wametoka kanisani. Sikueleza kitu. Nilikuwa nimenuna.

Akauliza kutoka kule nyuma, sauti ndogo, "Mama, huyo Amoit kwa jina la kampuni ni nani?"

Basi. Mdomo wangu ukafunguka kama bomba la kituo. Nimemweleza yote. Kwamba nilimbeba mgongoni nikipika, kwamba alijua kusoma vibao vya barabara kabla hajaingia shule. Kwamba sasa kuna mwanaume anakuja na mimi siruhusiwi hata kumwona. Kama ni mjinga nitajuaje? Kama ana mkono mrefu, nani ataniambia?

Akauliza, kama ningeweza kumwambia huyo mtu kitu kimoja, ningemwambia nini.

Nikasema radi. Amoit anaogopa radi. Siku tulileta baba yake kutoka hospitali kwa sanduku, radi ilipiga njia yote, na yeye alikuwa mdogo, amekaa juu ya hilo sanduku kwa sababu nafasi hakukuwa. Mpaka leo ikipiga halii, hasemi, anaficha mikono kwa makwapa tu. Usimwambie ni kitu kidogo. Usimwambie aombe. Unateleka maji, unamwekea kwa beseni atie miguu, unakaa karibu. Basi.

Sijawahi kumwambia mtu hiyo. Nimempa mteja.

Nimeangalia kioo, alikuwa anapangusa macho. Wadudu wa kinamasi ni wabaya saa hiyo.

Kushuka Busia ameinama tena, mkono kifuani. "Eyalama noi, toto." Asante sana, mama. Kiteso safi. Mtu wa Nairobi ametoa wapi Kiteso?

Ijumaa, 15 Agosti

Bado naona kile kikombe.

Kama si huo ujinga ningempenda yule kijana. Naomba Wandera awe na kicheko kama kile. Pasi nitamsamehe.

Jumatano, 20 Agosti

Amoit amefika kutoka Kericho. Amenona kidogo. Furaha, nafikiri.

Tumekaa jikoni tunachambua maharagwe, nikamwigizia mteja wangu. Vile aliweka mkono kifuani. Vile alikaa kiti cha gunia. Vile alianguka kwa matope. Kikombe nikaigiza na kikombe. Amoit akacheka mpaka akashika meza. Halafu nikaona hacheki tena, analia.

"Mama, huyo ndiye Wandera. Felix ni jina la ubatizo."

Nilikuwa na maharagwe mkononi. Yote yakamwagika.

Ni Wandera alimwomba Amoit namba yangu, tangazo lilikuwa kisingizio tu. Alimwambia hivi, mama yako nasikia habari zake kila siku, na baada ya tarehe ishirini na tatu sitawahi kukaa karibu naye tena maisha yangu yote. Naomba siku moja, kabla sijakuwa mkwe. Akamuuliza Amoit kila kitu asichofaa kugusa, akakariri. Mkono, asiguse. Macho, asikutane nayo. Kiti, mbali. Mtungi, asithubutu.

Na mimi nikampa mrija wangu mwenyewe. Nimeupangusa na kitenge.

Nimeona haya mpaka magoti. Nimemwita mkwe wangu majina mbele ya wazee. Nimemfanyia mzaha wa madereva kati ya Kakapel na Chakol, ule wa mchungaji na pancha, mzima, na sauti. Nimefurahi pia. Nimefurahi vibaya. Halafu nikamkumbuka shemeji Emodo, furaha ikashuka. Mama Osia ndiye ataleta ajon siku hiyo. Na mdomo wa Mama Osia hauna mlango.

Nimetaka kumpigia nimwambie anyamaze. Amoit akasema nikimwambia ndiyo atajua kuna kitu. Huyu mtoto amenizidi akili. Nimeweka simu chini.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nikiwa na harufu ya moshi.

Nimekuwa nyuma ya nyumba tangu asubuhi, leso kichwani, masikio kwa ukuta wa udongo. Wageni wamefika, salamu zikaenda vizuri. Wazee wa Wandera wanaongea pole pole, watu wa heshima. Nikaanza kupumua.

Halafu Mama Osia akaingia na mtungi. Nikasikia sauti yake, ile ya soko.

"Ai. Huyu si ni Bwana wa Kikombe?"

Emodo akauliza unamjua wapi. Mama Osia akasema alikuja na Mama Amoit juzi kwangu, kwa Noah. Nikasikia bakora ya Emodo ikigonga chini.

"Alikunywa na mama mkwe wake?"

Mdomo wangu wote huu, na siku nauhitaji hauruhusiwi kutoka nyuma ya nyumba. Nimeshika mwiko mpaka vidole vikafa. Dada za marehemu walikuwa wananiangalia. Nimeona Amoit wangu anarudi Kericho peke yake, na mimi ndiye nimemvunjia.

Mama Osia akasema, "Hakunywa naye, mzee. Alipewa mrija mkononi akaukataa. Alikaa nje juani mgongo kwetu kama amefungiwa. Mama Amoit alimtukana mpaka mimi nikaona aibu."

"Mkono alimpa?"

Wandera akajibu mwenyewe. "Alininyooshea kwenye utelezi, mzee, kwa sababu hakunijua. Sikuupokea. Nilianguka kwa matope."

"Ulianguka?"

"Mpaka kiuno, mzee."

Emodo akakohoa. Akakohoa tena. Mimi namjua huyu mzee, kicheko chake hujificha kwa kikohozi. Akauliza, kijana, ulienda kufanya nini kwa gari la mama yako? Wandera akasema alitaka kumsikia akiongea, mara moja tu, kabla mlango haujafungwa.

Mmoja wa dada za marehemu akanishika mgongo.

Kisha Emodo, kwa sauti kubwa ili nami nisikie kule nyuma: "Mama Osia, mletee huyu kikombe chake."

Nimecheka ndani ya leso mpaka ikalowa. Si kicheko peke yake kililowesha.

Jumapili, 24 Agosti

Wameondoka asubuhi, Amoit akiwa nao, yeye na Wandera wanarudi Kericho. Nimekutana na gari lao kwa njia ya kisima. Nilishuka barabarani, nikajifunika, nikaangalia migomba. Gari likapunguza mwendo. Halikusimama, lilitambaa tu mpaka likanipita. Sikugeuka. Nina hakika hata Wandera aliangalia upande wa pili.

Hivyo ndivyo itakuwa sasa. Migomba.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimeosha Noah. Kiti cha mwisho bado kina matope ya Kakapel kidogo. Hapo nimepita tu na kitambaa kando kando.

Mama Osia amenipa kile kikombe, anasema kwake hakuna mtu atakitaka. Nimekining'iniza kwa kioo cha mbele. Gari likiruka shimo kinalia. Dereva mmoja wa Kampala ameniuliza ni dawa ya nini. Nimemwambia ni chombo cha mvinyo, ssebo, wewe huwezi kuelewa.

Alasiri Amoit ameandika. Mvua kubwa Kericho, radi inapiga. Halafu: "Ameteleka maji, mama. Amekaa hapa. Hasemi kitu."

Nimesoma nimesimama kati ya trela mbili. Nimejibu sawa.

Sasa hapa pia imeanza, matone makubwa kwa mabati. Nimejiwekea maji moto kwa beseni. Mimi siogopi radi. Miguu iko ndani, naandika, maji bado hayajapoa.