Akina Baluku Wawili

Jumatatu, 4 Machi 2013

Nimetoka kazini, nimepika sombe la majani ya muhogo, nimekaa kusoma. Laptopu haina mtandao tena. Panya ametafuna ule waya mrefu uliotoka kwenye kompyuta kubwa ya sebuleni hadi chumbani. Modemu inashika pale dirishani tu, na sebule ni ya mama mkwe na wateja wake wa maharage. Jumamosi walimu wa Kampala watanitahini kwa video. Nikikosa, diploma inasubiri mwaka mzima. Sikubali!

Jumanne, 5 Machi

Shemeji amefika kutoka Hima na vumbi lake la simenti. Ni Baluku. Mume wangu naye ni Baluku: baba mmoja, mama wawili, kila mama na mwanawe wa kwanza. Kwetu Wakonzo jina hufuata zamu ya kuzaliwa, hakuna ujanja. Mimi ni Biira, binti wa pili, ingawa mama mkwe hajawahi kulitaja jina hilo. Kwake mimi ni "muke ya Baluku".

Shemeji kaniletea ruta ya mtumba, ya kurusha mtandao hewani. Nimempenda bure. Tumeiunga kwenye kompyuta kubwa kwa waya mfupi, laptopu ikashika bila waya. Nikapiga vigelegele. Dakika mbili tu, mtandao ukakatika.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbovu. Kompyuta kubwa inaandika kwamba anwani yake ya mtandao imegongana na ya mashine nyingine. Mashine ipi? Nimezima, nimewasha. Ruta ikitoka, mtandao mzuri. Ikirudi, ugomvi.

Mume wangu anataka kumwita fundi wa Kasese mjini. Fundi ana nafasi Jumatatu. Jumatatu nitafanya mtihani gani? Nimemjibu vibaya. Sijutii.

Alhamisi, 7 Machi

Nimecheka mpaka machozi. Asubuhi mama mkwe alishindwa kuinua gunia uani. Akaita, "Baluku!" Wakatoka wote wawili, mmoja na mswaki mdomoni. Mama mkwe kazaliwa ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Niliita mutu moja, mbona banakuja babili? Nataka ule wa Hima!"

Nikaacha sufuria motoni. Nikaiunga ruta na laptopu peke yake, nikaisoma anwani yake. 192.168.0.1. Nikaenda kwenye kompyuta kubwa. 192.168.0.1! Akina Baluku wawili nyumba moja. Laptopu ikiita, wote wanaitika.

Nimeishusha ruta cheo. Namba yake ya mwisho sasa ni mbili: Bwambale, mtoto wa pili. Nimeikataza pia kugawia mashine nyingine anwani. Hiyo ni kazi ya kaka mkubwa. Nikaunga tena. Dakika mbili zikapita. Kumi. Saa nzima! Sombe limeungua, shauri yake.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake, na kweli ni yangu. Nimejaribu kuuharibu mtandao makusudi, umekataa kuharibika. Shemeji kanuna kidogo. "Mashine yangu munaiita Bwambale?" Mume wangu amempigia fundi kumwambia asije, tena mbele yangu. Raha niliyoipata si ya Kikristo.

Jumamosi, 9 Machi

Video haikukatika hata mara moja. Waliuliza, nilijibu. Wakauliza magumu, nikajibu. Mama mkwe aliweka kigoda mlangoni na kuwafukuza wateja wake mwenyewe. Walimu hawajatoa matokeo, lakini najua nilivyojibu. Nimewaweza!

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Tumetoka kanisani. Mvua ndogo. Matokeo yamekuja kwa mtandao ule ule. Nimefaulu. Nimesoma mara mbili, nikafunga laptopu, nikamwambia mume wangu. Naye akatoka kumwambia mama yake.

Nikawa natwanga karanga. Sauti ikatoka uani: "Biira!"

Hapa nyumbani Biira ni mmoja. Nikaitika.