Mume Wangu Anakula kwa Gicheru kwa Sababu ya Thabai

Mshauri mpendwa,

Nimekaa jikoni juu ya gunia la makaa, wateja wa mchana wameondoka na sufuria bado hazijaoshwa, na nakuandikia kwa sababu akina mama wa hapa sokoni wanasema wewe humpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nataka jibu la namna hiyo.

Jina langu ni Wawira, wateja huniita Mama Theuri kwa jina la mtoto wangu, nilizaliwa Wang'uru kwenye mashamba ya mpunga, nikaolewa hapa Nyeri na Nderitu, ambaye hununua viazi huku juu na kuvipeleka kwa lori mpaka Kenol, kwa hiyo siku nyingi za wiki hayuko, na mimi ndiye ninayeendesha hoteli yetu ndogo karibu na stendi ya mabasi, na kusema kweli tangu tulipoifungua nilikuwa napika kama mtu anayefua nguo, leo wali na karanga ya nyama, kesho chapati na karanga, keshokutwa wali tena, bila kufikiri.

Mwaka huu mvua ilipokosa, mchele ukaadimika hata kwetu Wang'uru, unga wa ngano ukawa wa kubahatisha, na tukaletewa haya mahindi ya manjano ambayo wateja waliyatazama kama mgeni aliyekosea nyumba, na mwalimu mmoja akaniambia mbele ya watu, "Mama Theuri, hii ugali yako iko na homa ya manjano, ipeleke hospitali." Nilicheka, lakini nilipofika jikoni nililia. Ndipo nikamuuliza Murugi, mama anayeniuzia mboga, watu wa hapa walikuwa wakila nini kabla ya mchele wa kwetu kufika, akashika kiuno akasema, "Wawira, umesimama juu ya chakula na unalia njaa." Akaniletea njahi, yale maharagwe meusi, nduma za kando ya mto, malenge, na siku moja akaja na gunia la thabai, yale majani yanayochoma mkono kama siafu, akanifundisha kuyashika kwa ganda kavu la mgomba, kuyachemsha mpaka yaache kuwasha, kisha kuyaponda kwenye mukimo pamoja na viazi na mahindi, na Mshauri, mukimo ule ulitoka na rangi ya kijani ambayo majani ya malenge hayajawahi kunipa, nikala nikiwa nimesimama, kwa mwiko, na tangu siku hiyo naamka nikiwaza nitapika nini, jambo ambalo halijawahi kunitokea maishani.

Nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, LEO MUKIMO WA THABAI, na makarani wakaja, makondakta wakaja, hata yule mwalimu akaja akala akamaliza sahani, ikawa mchana haujaisha sufuria ni tupu.

Basi Jumamosi moja Nderitu akarudi na wenzake wawili wa Kenol anaofanya nao biashara, wakaingia kwa mlango wa nyuma alikoegesha lori, kwa hiyo hawakuuona ubao, nami kwa furaha yangu nikawapakulia kabla ya wateja wote. Yeye akachukua chumvi akanyunyiza kabla ya kuonja, ndivyo alivyo, hunyunyizia kila kitu, hata supu niliyoikoleza mwenyewe, nilishaacha kugombana naye juu ya hilo. Akatia kijiko kimoja mdomoni, taya zikasimama.

"Hii ya kijani ni nini?"

"Ni thabai, Baba Theuri. Wateja wanaipenda sana."

"Ati nini?"

"Thabai."

Mmoja wa wale wenzake akapiga meza akicheka, "Nderitu, bibi yako amekurudisha kijijini!" Nderitu hakucheka. Alienda akamwaga sahani yake kwenye ndoo ya nguruwe, akatoka nje, akafuta ubao wangu kwa mkono wa koti lake zuri, akarudi akaniambia, na wateja wanasikia, "Mke wangu hatanilisha thabai mbele ya watu. Toa hii kitu kwa hoteli yangu ama nifunge mlango."

Tangu siku hiyo akiwa mjini anakula ng'ambo ya barabara kwa Gicheru, mtu anayeuza mandazi ya jana, na anakaa pale dirishani kila mtu amwone. Makondakta wananiuliza, "Mama Theuri, mwenye hoteli anakula kwa jirani, kwani sisi unatuwekea nini?" Wanacheka, lakini wengine wameanza kumfuata.

Na kuna linalonichanganya zaidi. Mama yake, Waithira, huja mjini siku ya soko, na aliposikia ile harufu aliingia jikoni mwenyewe, akakaa kwenye gunia hili nililokalia, akala sahani mbili, akasema, "Umeiweza. Sisi tulikuwa tunaipika bila viazi." Nikamuuliza kwa nini Nderitu anaichukia hivyo. Akafuta mdomo kwa leso yake. "Usimwambie nimekula," akasema, akajitwika kikapu chake akaenda. Sasa kila siku ya soko anakula hapa jikoni, nimefunga mlango, najiona kama mtu anayemficha mwizi.

Murugi anasema niendelee kuipika ila niandike tu "mboga za kienyeji", Nderitu hatajua. Nikiacha, narudi kwenye wali na karanga na ule moyo wa kufua nguo. Nikiendelea, leseni iko kwa jina lake, ataufunga mlango kweli, na mwanamume anayekula nje ya nyumba yake hukawii kusikia analala nje pia. Niambie nifanye nini.

Wawira
Nyeri, Oktoba 1984


Wawira,

Umenieleza kila kitu na hukuona kilichokuwa mezani.

Mume wako hana ugomvi na mapishi yako. Mtu wa Nyeri aliyekuwa mtoto wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni alikulia kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Mashamba yalibaki upande wa pili. Akina mama walitolewa kwa muda mfupi, homugadi, wale askari wa serikali, wakiwatazama, na walichowahi kuokota njiani ndicho kilichoingia chunguni. Thabai huota bila kupandwa, na hakuna aliyejishughulisha kuinyang'anya. Ililiwa asubuhi, ikaliwa jioni, bila mafuta na mara nyingi bila chumvi. Hicho ndicho kijiji alichotajiwa na mwenzake. Simjui Nderitu, lakini nimewasikiliza wengi wa rika lake, na mama mkwe wako alikuambia yote aliposema waliipika bila viazi. Wewe ulikulia kwenye mchele. Hukujua, na hakuna aliyekuambia.

Lakini usinijie kama mtu asiye na kosa. Wateja wako wote walisoma ubao kabla ya kuketi. Mume wako peke yake hukumpa nafasi hiyo, ukampakulia mbele ya watu wa biashara yake. Halafu unamlisha mama yake mlango ukiwa umefungwa. Unalalamika kwamba Nderitu anaiona thabai aibu, na wewe mwenyewe unaigawa kama kitu cha wizi.

Na Nderitu, kama unasoma gazeti hili hapo dirishani kwa Gicheru: hoteli unayotishia kuifunga ndiyo inayolisha watoto wako katika mwaka ambao nchi nzima inahangaika. Una haki ya kukataa sahani. Huna haki ya kumfutia mkeo ubao bila kumweleza sababu, kisha umwache abahatishe. Mwambie. Maneno machache yatatosha, na hayo mandazi hayatakusaidia.

Sasa fanya hivi, Wawira. Usiache kupika. Usiandike "mboga za kienyeji". Anayelipa ana haki ya kujua anakula nini, na ukianza kulificha jina leo, kesho utaficha kingine. Nderitu akiwa mjini, mpikie mukimo wa majani ya malenge kwenye sufuria yake peke yake, kwa mwiko wake peke yake, na umwite mezani umwambie kwamba ndivyo ulivyofanya. Huenda hatakula thabai mpaka anakufa. Mwache, hilo halipunguzi upishi wako. Mwambie Murugi achume ncha changa na aache mashina, kwa maana mvua haijarudi, na mkiing'oa thabai yote kando ya mto mtakuwa hamna cha kubishania. Panda nyingine kwenye ua wako, pale unapomwaga majivu. Haibembelezwi.

Kisha kuhusu mama mkwe wako, Waithira. Siku ya soko ambayo mwanawe yuko, asile jikoni tena. Mwombe mapema, kwa heshima, aketi mbele na ale mbele. Usimtege. Akikataa, basi, amekataa, na usimwulize mara ya pili. Akikubali, funga mdomo wako, maana hapo huna la kusema. Yeye ndiye aliyeiokota ile mboga chini ya bunduki, akamlisha mtoto mpaka akawa mwanamume mwenye lori. Akitaka kusema atasema. Asipotaka, Nderitu atamwona mama yake akila thabai kwa sababu anaipenda, na sidhani kama amewahi kuliona hilo.

Mpakulie mama thabai. Mpakulie Nderitu majani ya malenge. Weka chumvi upande wa Nderitu, na akiinyunyiza kabla ya kuonja, usimwambie kwamba umekwisha kukoleza.