Ubeti wa Tatu

Dada yangu,

Huku tu wazima, isipokuwa goti langu linalolia kuliko zeze. Nyimbo za wazee nilizokusanya zimefika mia mbili, na juzi chuo kilizipokea maktabani kwa hafla. Wameniita mtaalamu, mimi uliyekuwa ukinifukuza jikoni kwa kelele!

Siku hiyo ukumbini nilitakiwa kupiga ule wimbo wa marehemu mama. Ubeti wa tatu alikufundisha wewe tu, nawe ukaondoka nao tulipogombana. Fundi wa kurekodi akasema, "Mzee, si utunge tu? Nani atajua?"

"Dada yangu," nikamjibu.

Nilipofika ubeti huo nikapiga zeze bila maneno, nafasi yako nikaiacha wazi. Ukumbi mzima ulisimama.

Nilikukosea, dada. Njoo uimbe, mama asikike mzima. Nami nitanyamaza, kama ulivyotamani tangu utotoni.

Mdogo wako,
Mpiga Kelele